Nani aliulizwa? Jinsi makanisa ya vijijini kwetu yalivyounganishwa



Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Idodi. Kwa wasiopajua, unatoka Iringa mjini, unapita Kalenga, unaifuata ile barabara ya watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha, na kabla hujafika hifadhini unatukuta sisi. Nilikwenda kwa mambo ya mpunga tu. Jumapili baada ya ibada, mnada wa kuku na mayai ulipoisha, nikajikuta nimekaa chini ya mwembe nasikiliza kikao ambacho hakikunihusu.

Hoja ilikuwa hivi. Kuna mitaa miwili ya kanisa, haiko mbali sana, mtu anatembea kwa mguu. Kila mmoja umeanza kujenga kanisa lake kwa tofali za kuchoma, kuta zimesimama miaka, na hakuna wenye hela ya bati. Mwinjilisti wa mtaa mmoja amezeeka. Mchungaji ni mmoja kwa mitaa yote, anazunguka na pikipiki. Basi likaletwa wazo: unganeni muwe mtaa mmoja, mwinjilisti mmoja, jengo moja, na bati zitapatikana.

Mjomba wangu, ambaye ni mzee wa kanisa wa siku nyingi, akasimama. Akasema: "Sisi tumeunganishwa na vita, tumeunganishwa na serikali, tumeunganishwa na mikutano ya mbali. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa, na bado mnataka nijibu kwa dakika tano!" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila usiku sikuacha kulifikiria. Hivi ni kweli? Nimekaa nikasoma na kuulizia, na hapa naweka nilichokipata. Kanisa lenyewe la pale kijijini sitalitaja, kikao hakijaisha na mimi bado nataka kula ugali kwa mjomba. Lakini historia nitaieleza zaidi kwa mfano wa Walutheri, maana kwao ndiko hadithi ya kuungana inaonekana wazi zaidi huku Nyanda za Juu Kusini.

Kwanza tuelewane maneno, kwa wale wa mjini. Kijijini kanisa halianzi na mchungaji. Linaanza na mtaa: watu kadhaa, mwinjilisti, wazee wa kanisa, kengele ambayo mara nyingi ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti. Mitaa kadhaa inafanya usharika, na hapo ndipo penye mchungaji. Yeye ndiye anayebatiza na kutoa Meza ya Bwana, kwa hiyo mtaa wa mbali unaweza kukaa wiki nyingi ukimsubiri. Sharika zikikusanywa zinakuwa jimbo, majimbo yanakuwa dayosisi. Mtaa ukikua na ukaweza kumtunza mchungaji, unaomba uwe usharika. Kila mtaa unaota siku hiyo. Sasa ukiuambia mtaa uungane na jirani, si umeuambia usahau ndoto?

Turudi nyuma. Mwaka 1891 wamisionari Wajerumani wa aina mbili walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa karibu wakati mmoja: Wamoravian, waliojikita Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Wote Waprotestanti, wote Wajerumani, lakini si kanisa moja. Badala ya kugombana wakagawana nchi, Wamoravian upande wa magharibi, Waberlin upande wa mashariki. Waberlin wakaendelea kupanda milima hadi Ukinga, Ubena na Uhehe. Wakatoliki nao, Wabenediktini, walikuwa wameshafika Tosamaganga mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890, kipindi kilekile Mkwawa alipokuwa anamalizana na Wajerumani (alikufa Julai 1898).

Angalieni hilo la kugawana nchi, maana ndilo linaloeleza mambo mengi mpaka leo. Kwa nini Mbeya na Rungwe kumejaa Wamoravian, na Njombe na Makete kumejaa Walutheri? Si kwamba Mnyakyusa alikaa akalinganisha mafundisho ya pande mbili akachagua. Babu yake alizaliwa upande fulani wa mstari, basi. Hata Wanyakyusa wenyewe walikatwa vipande viwili, huyu Mmoravian, ndugu yake wa kule Manow au Itete Mlutheri.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza. Wajerumani wakashindwa, wamisionari wao wakakamatwa na kuondolewa. Vituo vikabaki. Kwa miaka kadhaa vilisimamiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo. Hao walikuwa Wapresbiteri! Yaani Mlutheri wa Ubena na Mmoravian wa Rungwe, waliokuwa wamegawanywa kwa mstari mwaka 1891, wote wakawekwa chini ya Waskoti wa kanisa la tatu kabisa. Na Waskoti wenyewe walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna ile. Kazi ya kila siku ilifanywa na walimu na wainjilisti Waafrika: kufundisha watoto kusoma, kuzika, kuendesha sala, kutunza jengo lisianguke. Kwa maoni yangu hapo ndipo kanisa la kijijini lilipokuwa la wenyeji kweli, ingawa kwenye vitabu vingi kipindi hicho kinapitwa haraka kana kwamba hakukuwa na mtu. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na kila kundi likarudishwa kwa wenyewe.

Vita ya Pili mchezo uleule. Wajerumani wakawekwa kizuizini, safari hii waliokuja kushika nafasi ni Walutheri wenzao, Wamarekani wa kanisa la Augustana na Waswidi. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Ubena mwaka 1910 aliweza kusali chini ya Mjerumani, Mskoti, Mjerumani tena, kisha Mswidi au Mmarekani, bila yeye kuhama nyumba wala kubadili kanisa.

Sasa tufike 1963, mwaka ambao wanafunzi wa kipaimara wanaukariri. Walutheri wa Tanganyika walikuwa wanatokana na misheni tofauti tofauti: Leipzig kaskazini, Bethel kule Usambara na Buhaya, Berlin kusini na Uzaramo, Waaugustana Singida, Wanorwe Mbulu. Mwaka 1938 zilianza kushirikiana katika umoja wa misheni na makanisa, na miaka ya 1950 ukawa shirikisho la makanisa ya Kilutheri. Mwaka 1955 ulifanyika Marangu mkutano mkubwa wa Walutheri wa Afrika nzima, na hewa ya wakati ule ilikuwa ya kujitawala, kanisani kama kwenye siasa. Hatimaye tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba, la Kaskazini, Usambara-Digo, Uzaramo-Uluguru, Kati, Iraqw, Buhaya na la kwetu la Kusini, yakaungana kuwa kanisa moja, hili tunaloliita leo KKKT. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi.

Mimi siidharau siku ile. Jamani, nchi ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na nusu, na watu waliokuwa wanaletewa wakubwa kutoka Berlin, Leipzig na Minneapolis wakakaa meza moja wakaamua mambo yao. Hata vyeo havikufanana, wengine walikuwa na askofu tayari, wengine hawakuwa na desturi hiyo, na bado wakapatana. Ila muungano ule ulikuwa wa juu. Makanisa saba hayakuyeyuka, yaligeuka kuwa dayosisi na sinodi ndani ya kanisa moja. Nilimuuliza bibi yangu, aliyekuwa msichana mkubwa wakati ule, wanakumbuka nini cha 1963. Akafikiri sana. Akasema, "Uhuru nakumbuka. Mvua nakumbuka. Hicho unachosema wewe tulitangaziwa tu, kisha tukaimba."

Tulitangaziwa tu, kisha tukaimba. Mnaona mjomba alikotoa hasira yake.

Lakini kilichobadilisha makanisa ya Idodi kuliko vikao vyote hivyo, kwa jinsi ninavyoona mimi, hakikuwa kitu cha kanisa kabisa. Ni vitu viwili vya serikali: hifadhi na vijiji.

Eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha (ilitangazwa mwaka 1964, ingawa kabla ya hapo lilikuwa tayari pori la akiba) lilikuwa na watu. Walihamishwa, na wengi wao wakaja upande huu wa Idodi na Pawaga. Waliokuja walikuja na makaburi yao vichwani tu, maana makaburi hayahamishiki. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho uliwekwa 1976. Mkoa wa Iringa ulikuwa na kumbukumbu chungu kuhusu ujamaa, maana siku ya Krismasi 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima kule Isimani. Katikati ya miaka ya 1970 malori yakapita, watu wa vitongoji vilivyotawanyika wakakusanywa kwenye mistari ya viwanja.

Sasa fikiria kanisa la wakati ule. Mtaa ulikuwa ni ukoo na majirani wake, kibanda cha nyasi na miti chini ya mlima fulani. Lori linakuja, watu wanashushwa kijiji kipya. Pembeni yao wameshushwa wa mtaa mwingine, na wengine wa mtaa wa tatu. Kuna wainjilisti watatu na kiwanja kimoja cha kanisa, kama mwenyekiti wa kijiji amekumbuka kutenga. Hakuna sinodi iliyokaa kuamua muungano huo, ulifanywa na dereva wa lori. Bibi anasema kwaya mbili ziligombania wimbo mmoja Jumapili ya kwanza, kila moja inadai ndiyo yenye kuuimba sawasawa, na mwinjilisti akawaamuru waimbe wote kwa pamoja, ikawa fujo. Anacheka akisimulia. Akifika kwenye vitabu vya ubatizo haendelei kucheka, kwa sababu cha mtaa wao kilipotea katika kuhama, na watu walipotaka kufunga ndoa ikabidi wazee wasimame kushuhudia kwamba fulani alibatizwa kweli.

Na kitu kingine. Ule mstari wa 1891, huyu kwake kule na huyu kwake huku, ulikufa rasmi hapo. Idodi imepokea watu kutoka kila upande: Wahehe wenyeji, Wabena na Wakinga waliokuja na Ulutheri wao, Wagogo waliokuja na Uanglikana wa misheni ya Dodoma, watu wa Mbeya na Umoravian, baadaye wafugaji Wamasai, Wabarbaig, Wasukuma. Kijiji kimoja kikawa na Waprotestanti wa aina tatu nne wanaochota maji mto mmoja. Ungetegemea basi wangeungana wawe kanisa moja la kijiji, si ndiyo? Haikuwa hivyo. Walioungana ni wale wa jina moja tu. Wenye majina tofauti walijengeana ukuta kwa ukuta.

Na si kwamba wakubwa hawakujaribu. Mwaka 1913 kule Kikuyu, Kenya, Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na wa Africa Inland Mission walipanga shirikisho, wakamalizia kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, alikasirika akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury! Mpango ukapoa. Miaka ya 1960 wakajaribu tena, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki wakakaa vikao, ikaandaliwa hata liturugia ya pamoja. Mfano walikuwa nao: India Kusini makanisa ya namna hiyo yaliungana mwaka 1947, na jirani zetu Zambia wakaunda kanisa lao la muungano mwaka 1965. Kwetu mazungumzo yalifia njiani kabla muongo haujaisha. Swali la askofu lilikuwa gumu, maana kwa Mwanglikana askofu si mwenyekiti wa kikao tu, na kwa Mpresbiteri hahitajiki kabisa.

Wakati huohuo kule Zaire, Kongo ya leo, ilifanyika kinyume. Mwaka 1970 Waprotestanti walikusanywa chini ya Kanisa la Kristo la Zaire, na mwisho wa 1971 sheria ya utawala wa Mobutu ikabana utambuzi wa madhehebu, kwa hiyo Mprotestanti aliyetaka kanisa lake liendelee kuwepo kisheria ilibidi aingie mle. Waliungana kwelikweli. Ndani ya mwavuli kila jumuiya ikaendelea na desturi zake na uongozi wake. Mnaona? Hata amri ya Mobutu haikuweza kuunganisha kwaya mbili.

Kwetu, baada ya 1963, mwelekeo umekuwa wa kugawanyika zaidi kuliko kuungana. Kutoka kanisa la Kusini zilizaliwa dayosisi nyingine, Konde, Kusini-Kati kule Makete, na Iringa miaka ya 1980. Leo KKKT ina dayosisi zaidi ya ishirini. Kugawanyika si dhambi, mchungaji akiwa karibu watu wanahudumiwa. Lakini kuna kugawanyika kwa amani na kwa ugomvi. Wameru waligombana vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipotaka dayosisi yao, mpaka kundi jingine likatoka kabisa kwenye KKKT. Na Mbeya hapa juzijuzi, Dayosisi ya Konde, swali lilianza kama la kiofisi tu: makao makuu yabaki Tukuyu au yahamie jijini Mbeya? Mwaka 2022 askofu aliondolewa katika nafasi yake, na waumini waliokuwa wanakaa benchi moja wakawa wanagombea funguo za makanisa.

Funguo! Hapo kuna jambo vijana wengi hatulijui. Kanisa la kijijini mnachoma tofali wenyewe, mnabeba mchanga wenyewe, akina mama wanasomba maji ya kukandia. Lakini kisheria kiwanja na jengo havimilikiwi na mtaa. Vinakuwa mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa wa kanisa husika. Ndiyo maana makanisa saba yalivyoungana hakuna aliyehitaji kupita kila kijiji kuuliza, na ndiyo maana mtaa ukikorofishana na wakubwa unaweza kujikuta nje ya kuta ulizozijenga. Utaratibu huo una faida yake, mwinjilisti mjanja hawezi kuuza kanisa akatokomea. Ila mtu aliyechoma tofali anaona ni lake, na huwezi kumlaumu.

Nirudi kwenye mwembe. Baada ya mjomba kukaa, mama mmoja wa mtaa wa pili akasimama. Hakuhutubia. Aliuliza maswali matatu: kengele itakuwa ya nani, sadaka ya mavuno ya mwaka huu itahesabiwa kwa jina gani, na zile kuta ambazo hazitaezekwa zitafanywaje, maana kuna tofali za marehemu mume wake mle. Kimya. Aliyeleta hoja akasema hayo ni mambo madogo yatapangwa baadaye. Mjomba akadakia, "Hapana, hayo ndiyo mambo yenyewe, hayo mengine ndiyo madogo."

Mimi nikiulizwa, naona bora waungane. Mitaa miwili isiyo na bati ni mitaa miwili inayonyeshewa, na vijana wenzangu wanahamia kwa walokole wenye spika na paa. Nilimwambia mjomba hivyo tukiwa njiani. Akasema sawa, hata yeye anaona hivyo, na kura yake itakuwa ndiyo. "Lakini watanisubiri kwanza. Waandike kwenye karatasi kengele ni ya nani."

Kikao kiliahirishwa hadi baada ya kuvuna mpunga. Wameunda kamati ya watu sita, watatu kila upande, na yule mama yumo. Wameshaanza kuhesabu tofali: upande wa mjomba wamemaliza, upande wa pili wanasema baadhi zimeliwa na mvua na wanataka zihesabiwe pia.

Wale wa Mapogolo, Tungamalenga, Mahuninga, Pawaga, na wa Mbeya upande wa Wamoravian, kwenu mitaa iliunganishwaje wakati wa vijiji? Vitabu vya ubatizo vya kabla ya kuhama vipo, au navyo vilipotea? Mwenye bibi au babu aliye hai amuulize sasa hivi, halafu aweke hapa chini.